Mikroskopi Yahitaji Nuru Kwanza



Katika makanisa ya upande wetu, toka Kasongo hata Kabambare, watu wana desturi njema ya kuuliza: "Hospitali inahitaji nini, tupate kuisaidia?" Na mara nyingi yuko mzee mwenye jibu tayari: "Mikroskopi mpya." Wote huitikia, na feza huanza kukusanywa. Mimi ni muuguzi. Nimekaa karibu na meza ya kupimia damu miaka mingi, nami nasema kwamba jibu hili limeruka hatua. Kabla ya kununua mikroskopi mpya, tuipatie nuru ile tuliyo nayo, tena tuzikaze lensi zake mahali pake. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana juma lile lile.

Labda utasema, "Huyu anatuletea mambo ya mafundi." La, ndugu. Mambo haya ni ya mama mwenye mimba anayetetemeka kwa homa nyumbani mwako. Nipe nafasi nieleze polepole.

Mikroskopi ni chombo cha kukuza vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wengine huiita darubini, na vitabu vya shule vya Tanzania huiita hadubini. Ni kitu kile kile. Tunachoma kidole chako, tunapaka tone la damu juu ya kipande chembamba cha kioo kiitwacho lamu, tunalitia rangi, kisha tunalitazama kwa lensi mbili. Moja iko karibu na jicho la mpimaji, nyingine iko karibu na damu. Hii ya karibu na damu, ingawa umbo lake si kubwa kuliko kidole gumba, ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Mafundi huiita objektifu. Chombo kimoja huwa nazo tatu au nne, zimekazwa kwa skrubu katika gurudumu dogo linalozunguka, ili mpimaji achague: ya kukuza mara 10, ya mara 40, au ya mara 100. Na kwa kuwa lensi ya jicho nayo hukuza mara 10, ile ya 100 huionyesha damu yako imekuwa kubwa mara 1000.

Mara 1000! Watu wakisikia hesabu hii hudhani kazi imekwisha. Lakini ukikikuza kitu mara 1000 gizani, unapata giza kubwa, basi. Nuru kidogo iliyoangukia mahali padogo kuliko ncha ya sindano sasa yatawanywa, nayo inafifia. Ndiyo sababu lensi ya 100 hudai nuru nyingi kuliko wenzake, na ndiyo lensi tunayoihitaji kila siku.

Sasa twende nyuma kidogo, maana mji wetu wa Kasongo una sehemu katika habari hii, na wengi wa hapa hawaijui.

Mwaka 1903 shule ya Liverpool, Uingereza, inayofundisha tiba ya nchi za joto, ilituma waganga Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale. Mmoja aliitwa Joseph Everett Dutton, mwingine John Lancelot Todd. Huyu Dutton ndiye aliyetambua, huko Gambia, kwamba kidudu kilichoonekana mwaka 1901 katika damu ya mgonjwa ni cha jamii ya tripanosoma, naye mwaka 1902 akakipa jina. Ndicho kidudu cha malale ambacho watu wa Maniema wamekijua kwa machozi. Basi waganga hawa walisafiri muda mrefu, wakafika maporomoko ya Kisangani, kisha wakaja upande wetu wa Lualaba. Njiani walichunguza ugonjwa mwingine pia: homa ambayo wenyeji walisema yaletwa na papasi, yule mdudu wa nyufa za nyumba ambaye huku kwetu wengi humwita kimputu.

Wenyeji walisema kweli. Dutton na Todd waliwaacha papasi wawaume kima, na kima wakashikwa na homa. Katika damu yao walionekana vidudu vyembamba, virefu, vilivyopindika kama waya wa kizibuo. Waganga wote wawili walishikwa na homa ile ile waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, angali kijana. Huko Uganda waganga Ross na Milne walikuwa wamefikia jambo hilo hilo mwaka 1904, na Robert Koch naye alilithibitisha katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ndiyo Tanzania bara ya leo. Lakini jina la kidudu lilibaki la yule aliyefia kwetu. Hata leo vitabu vyote vya tiba hukiita Borrelia duttonii.

Ninaleta habari hii kwa sababu moja. Kidudu cha kimputu ni kirefu, chaweza kuizidi chembe nyekundu ya damu mara mbili au tatu kwa urefu. Lakini unene wake! Igawanye milimita moja katika sehemu 1000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 au 8. Kidudu cha kimputu hakifiki hata nusu ya sehemu moja. Unene wake ni kama sehemu 0.2 hata 0.3. Na mwaka 1873 Mjerumani mmoja, Ernst Abbe wa mji wa Jena, alionyesha kwamba nuru yenyewe ina mpaka: vitu vilivyo karibu kuliko kama sehemu 0.2 havitenganishwi na lensi yo yote ya kawaida, hata ikitengenezwa vizuri namna gani. Kwa hiyo kidudu hiki kimesimama mpakani kabisa. Lensi ikiwa safi, imenyooka, na nuru ikiingia sawasawa katikati, utakiona. Nuru ikiegemea upande, hutakiona.

Angalia jambo linalofuata, maana ndilo shina la maneno yangu. Mikroskopi yenye nuru mbaya haikosei kwa wagonjwa wote namna moja. Malaria huiona bado. Vidudu vya malaria vikiwa vingi hupokea rangi nyekundu na buluu vizuri, na mpimaji mwenye uzoefu atavikuta hata katika nuru ya kibatari. Lakini kimputu kitampita kama unywele katika lungo la mchele. Tena katika nchi yetu watu wengi hubeba vidudu vya malaria vichache katika damu bila kuugua. Basi mtu anakuja na homa ya kimputu, taa ni mbovu, mpimaji anaona malaria mbili tatu, anaandika "malaria", na mgonjwa anarudi nyumbani na dawa ya malaria. Nuru mbaya humfanya kila mtu kuwa mgonjwa wa malaria.

Na dawa ya malaria haigusi kimputu. Homa itamshika kama siku tatu, itamwachilia, naye atasema, "Dawa imefaa." Baada ya siku kama saba inarudi. Inamwachilia tena, inarudi tena. Sasa jamaa wanaanza kunong'ona kwamba ni mtu fulani anayemloga, na ugomvi unaingia katika ukoo. Akiwa ni mama mwenye mimba, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa homa hii huharibu mimba, na mtoto akizaliwa akiwa na vidudu hivi mara nyingi hufa upesi. Hospitali ya Mvumi karibu na Dodoma, katika Tanzania, imewaona wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi. Na dawa yake ipo, ni ya bei ndogo: penisilini au tetrasiklini, na kwa mwenye mimba penisilini au eritromisini. Mgonjwa hulazwa anapopewa dawa ya kwanza, maana vidudu vikifa kwa pamoja homa yaweza kupanda ghafula na nguvu za damu kushuka. Yote haya hutegemea mtu mmoja aliyeinama juu ya lensi aseme, "Nimekiona."

Nirudi kwenye lensi na skrubu zake.

Mwaka 1858 chama cha wenye mikroskopi huko London kilipatana juu ya kipimo kimoja cha skrubu ya objektifu: upana wa milimita 20.32, na mizunguko 36 katika inchi moja. Lilikuwa jambo la akili sana, na hata leo lensi nyingi za hospitali zina skrubu hiyo. Kwa ajili ya mapatano yale, lensi iliyotengenezwa Ujerumani yaweza kuingia katika mikroskopi iliyotengenezwa China. Lakini viwanda vingine sasa vina skrubu pana zaidi, za milimita 25 au 27, na hizo haziingii ila kwa pete ya kuunganishia. Pete hizo zipo, ni vitu vidogo vya shaba au aluminiamu. Ila pete yenyewe ina unene, nao unaishusha lensi chini kidogo kuliko wenzake. Mpimaji asiyejua akizungusha gurudumu, lensi iliyoshuka itaigonga lamu, na mara nyingine lensi yenyewe itakwaruzwa.

Tena skrubu kukubali si kusema macho yatakubali. Lensi za namna ya zamani ziliundwa kwa bomba la milimita 160, na ubavuni mwake utaona pameandikwa 160. Nyingi za mpya zina alama kama namba 8 iliyolala. Hizi mbili hazichanganyikani. Ukiitia yenye namba 8 iliyolala katika mikroskopi ya 160, itaingia vema, itakazwa vema, nayo itakuonyesha ukungu. Karibu na alama hiyo pameandikwa pia 0.17, ndio unene wa kioo chembamba cha kufunikia lamu, kwa milimita. Na urefu wa lensi nao hutofautiana: nyingi za leo zimefanywa kwa milimita 45 kutoka bega lake hata lamu, za zamani zilikuwa fupi zaidi. Ndugu ye yote anayetaka kutuletea lensi kutoka Bujumbura au Ulaya, asome maandiko hayo ya ubavuni kwanza, atuandikie, ndipo atoe feza yake.

Naijua hospitali moja, sitaitaja jina, iliyoletewa mikroskopi nzuri yenye taa yake ndani. Walishangilia, na haki yao. Balbu yake ilikuwa ya volti 6 na wati 20, nayo ikafa kabla ya miezi miwili kwa sababu ya jenereta iliyokuwa ikipandisha na kushusha umeme. Balbu nyingine haikupatikana Kindu wala Bukavu. Chombo kile hakikuwa na kioo cha chini cha kuchukulia nuru ya mbinguni, basi kikafunikwa kwa kitambaa, wakarudi kwenye cha zamani. Wakasema, "Walau lensi zake tuzitumie." Zikaingia katika gurudumu la zamani pasipo taabu. Zilikuwa na namba 8 iliyolala.

Jinsi ya kuitia lensi, nitasema kwa ufupi kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi hii. Weka kitambaa laini juu ya meza ya mikroskopi, ili ikianguka isivunjike. Ishike lensi kwa vidole, uzungushe kwanza kinyume, kama unayefungua, mpaka usikie imeshuka kidogo katika njia yake. Ndipo uzungushe kwa kukaza. Vidole vyatosha, koleo ni adui. Panga kwa taratibu ya 10, 40, 100. Tundu lisilo na lensi lifunikwe, maana kwetu hewa ina unyevu, na kuvu huota juu ya vioo vya ndani kama inavyoota juu ya mkate. Kisha zungusha gurudumu usikilize: kila lensi ikifika mahali pake lazima lilie "tik" na kusimama imara. Lisipolia, chemchemi ya ndani imechoka; lensi itasimama kando ya njia ya nuru, na nusu ya picha itakuwa giza. Wapimaji wengi huilaumu taa hapo, kumbe ni chemchemi.

Lensi ya 100 hutumiwa na mafuta. Tone moja huwekwa kati ya lensi na lamu ili nuru isipotee inapotoka katika kioo kuingia hewani. Zamani yalikuwa mafuta ya mti uitwao mwerezi, nayo yalikauka juu ya lensi kama gundi; siku hizi hutengenezwa viwandani na hayakauki hivyo. Mafuta ya mawese hayafai, wala ya karanga. Nimeulizwa mara nyingi.

Sasa nuru. Mikroskopi za siku za Dutton, na nyingine nyingi zinazofanya kazi mpaka leo, zina kioo cha duara chini yake, kilichoshikwa na mkono wa chuma. Kina nyuso mbili. Uso ulio bapa hutumiwa pamoja na kondensa, yaani ile lensi pana ya chini inayokusanya nuru. Uso wenye shimo hutumiwa pasipo kondensa. Kielekezwe kwenye wingu jeupe au anga lenye mwangaza, kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe, kwa maana jua likipitia lensi laweza kuharibu jicho la mpimaji daima. Kwa nuru ya anga la asubuhi kazi ni njema. Lakini mvua ya kwetu mwaijua. Mawingu yanakuwa meusi saa nane ya mchana, na foleni ya wagonjwa ingali mlangoni.

Hapo watu hufanya nini? Huegemeza tochi juu ya kitabu. Hii ndiyo nuru inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama yatosha. Inaingia kwa upande. Kila chembe ya damu inakuwa na kivuli. Uchafu wa rangi unafanana na kidudu, na kidudu kinafanana na kivuli. Mpimaji akikohoa, tochi inahama.

Dawa yake ni kikalio cha taa. Ni kitu cha namna hii: unatoa kioo cha chini katika tundu lake, na katika tundu lile lile unachomeka mguu wa kishikio chenye taa ndogo ya LED, ikitazama juu katikati kabisa. Mbele ya taa pawe na kioo kilichofifishwa au karatasi nyeupe nyembamba, nuru ienee. Bila hiyo utaona umbo la taa yenyewe katikati ya damu. Taa ya LED ya wati 1 au 3 yatosha. Hutumia umeme mdogo sana kuliko balbu ya wati 20, hudumu saa elfu nyingi, na betri yake hujazwa kwa plaki ya jua iliyo juu ya paa. Vikalio vya kiwandani vipo. Lakini fundi wa bati wa hapa Kasongo, akionyeshwa tundu na kupewa vipimo, atakitengeneza. Jambo la lazima ni kwamba taa isimame katikati na isitikisike. Na kile kioo cha chini kisitupwe! Kifungwe katika kitambaa, kiwekwe sandukuni, kwa kuwa betri nayo itakufa siku moja, na anga halifi.

Baada ya kuweka taa, kondensa ipandishwe juu karibu na lamu kwa lensi ya 100, na mlango wake wa nuru ufunguliwe. Wengine huishusha kondensa ili kupunguza mwangaza unaochoma macho. Wanapunguza mwangaza, ndiyo, lakini wameitupa nguvu ya lensi pamoja nao. Nuru ikizidi, ipunguzwe kwenye taa yenyewe.

Iko hila nyingine isiyogharimu kitu. Kata duara ya karatasi nyeusi, ndogo kuliko tundu la kondensa, uiweke katikati ya kishikio cha chini yake. Nuru ya katikati inazuiwa, ya pembeni inapita kwa mshazari. Tazama damu mbichi kwa lensi ya 10 au ya 40: anga lote linakuwa jeusi, na kidudu kilicho hai kinang'aa kikitapatapa na kuzisukuma chembe za damu. Kimputu na tripanosoma vyote huonekana hivyo. Kwa lensi ya 100 hila hii ya karatasi haifai. Nimewaona wapimaji wa miaka ishirini wakipiga kelele kama watoto mara ya kwanza.

Kuna vikalio vya ghali zaidi vyenye taa ya LED ya buluu, na vingine huskrubiwa mahali pa objektifu. Kwa rangi iitwayo auramini, vidudu vya kifua kikuu hung'aa katika makohozi. Mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia lilishauri taa hizo, maana hugundua wagonjwa kama asilimia 10 zaidi kuliko njia ya zamani ya rangi nyekundu. Leo shirika hilo lataka mtu apimwe kifua kikuu kwanza kwa mashine mpya kama GeneXpert, na mikroskopi ibaki kufuata maendeleo ya mgonjwa anayemeza dawa. Sipingi. Ila hayo ni ya baadaye. Tusirukie taa ya buluu hali nyeupe hatuna.

Najua neno litakalosemwa na vijana: "Muuguzi, mikroskopi imepitwa. Tuna kipimo cha haraka cha malaria, dakika kumi na tano tu." Ni kweli, nacho ni chombo chema, nami nakitumia kila siku. Lakini kipimo kile kinajua swali moja. Ukikiuliza juu ya malaria kinajibu. Juu ya kimputu kinanyamaza. Tena vile vinavyotumika sana huweza kusema "ndiyo" majuma kadhaa baada ya malaria kupona, kwa sababu mabaki yake yangali katika damu. Basi yule mama ambaye homa yake imerudi mara ya tatu anapimwa, kipimo kinasema malaria, anapewa dawa mara ya tatu. Katika nchi isiyo na kimputu hasara ingekuwa kidogo. Hapa si nchi hiyo.

Na neno la wazee: "Mpya ni mpya." Siku feza itakapotosha, inunuliwe, iwe ya taa ya LED, iwe na kioo cha chini cha akiba, na lensi zake zote ziwe za namna moja. Mimi mwenyewe nitashangilia. Lakini nimeona makanisa yakikusanya miaka mitatu kwa ajili ya chombo kimoja, na katika miaka hiyo mitatu lamu zote zilisomwa kwa tochi juu ya kitabu. Wagonjwa wa miaka hiyo mitatu hawakuweza kungoja.

Sasa wewe uliye mgonjwa, nawe una kazi katika jambo hili. Njoo wakati mwili ungali moto. Kidudu cha kimputu huonekana katika damu wakati wa homa; homa ikishuka hujificha, na hata lensi bora haitakiona. Ukitoka mbali, kama Kabambare, na homa imekwisha njiani, usirudi nyumbani. Ukae karibu na hospitali, na homa ikirudi, hata usiku, mwamshe muuguzi. Usimeze penisilini wala tetrasiklini za sokoni kabla ya kupimwa. Mwambie muuguzi homa imerudi mara ngapi na kwa siku ngapi, na kama umelala katika nyumba ya udongo yenye nyufa, maana papasi hutoka usiku, hunywa damu kwa muda mfupi, hurudi ufani, nawe asubuhi huna habari.

Usimkemee mpimaji kwamba anakawia. Kabla ya kuandika "hakuna kitu" imempasa kutazama mahali pasipopungua 100 katika lamu yako, pamoja na kuikausha na kuitia rangi. Akikujibu baada ya dakika mbili, huyo ndiye wa kumwuliza maswali.

Na neno dogo kwa wale wanaosindikiza wagonjwa. Dirisha la chumba cha kupimia si mahali pa kusimama na kusalimiana. Penye mikroskopi ya kioo, ninyi mnasimama juu ya taa yetu.

Kanisa linalotaka kuanza, limtume kwanza mtu mmoja na fundi wake, waje asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Walete rula yenye milimita na karatasi. Tutawaonyesha tundu la kioo cha chini, wapime upana wake na kina chake, na umbali toka tundu hata kondensa. Wasome pia namba za ubavuni mwa kila lensi na kuziandika zote, hata zile wasizozielewa.